Fimbo Iliyogonga Dari

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mzee aliyestaafu kazi ya mgodi wa makaa ya mawe alikataa kukaa katika ofisi ya kata hapa Karatu kabla hajagonga dari kwa fimbo.

"Babu, hapa si mgodini," karani alicheka.

"Dari zima hulia kama kengele. Lako linalia kama debe. Toka hapo, mwanangu."

Karani alisogea kwa heshima tu. Dari likaangukia kiti chake, na kuku aliyekuwa akiatamia huko juu akatua juu ya mihuri.

Mchana watu wa ofisi walitegemeza sehemu ya dari iliyobaki kwa gogo la mkaratusi. Sasa kila anayeingia anaazima fimbo, hata mchungaji wetu.

Mimi niliyekuwa kwenye foleni siku ile nilicheka mpaka nikalia. Mume wangu alifukiwa mgodini siku ambayo msimamizi alisema kugonga dari la mgodi kunachelewesha kazi. Ee Bwana, umlaze chini ya paa lisiloanguka. Amina.