Kijidude cha Mwalimu Zuhura

Niombeeni jamani. Ikifika saa tisa sijui nitauweka wapi uso wangu.

Leo, katika chumba cha walimu, Mwalimu Zuhura alituonyesha sisi walimu wenzake mradi wake: kijidude cheusi kinachosikiliza somo na kuandika kila neno.

Tukaombwa maoni.

Si mwatujua watu wa huku? Mbele ya mtu ni "Mashallah, dada, kazi nzuri." Ukweli huja wakati wa chai.

Chai ikaja na mahamri. Zuhura akatoka.

Nikaanza mimi: "Mradi gani huu, na watoto wakaa chini?"
Wakacheka wote.

Zuhura akarudi, akawasha projekta.

Maneno yangu hayo ukutani, herufi kubwa! Hata kicheko kimeandikwa.

Nilidhani atafoka. Akatabasamu. "Ahsanteni kwa maoni ya kweli. Mbona mwashtuka? Kimekuwa hapa majilisini tangu Jumatatu."

Jumatatu tulimsema mwalimu mkuu saa nzima. Mimi hata nilimwigiza anavyotembea na anavyokohoa.

Mlangoni mtu akakohoa. Kikohozi kile kile.

"Saa tisa mrudi hapa nyote," akasema mwalimu mkuu, taratibu. "Tutaanza na Jumatatu."