Ulezi Ndani ya Fuvu la Ng'ombe

Mwezi uliopita nilipita kwenye mitumba pale sokoni Tukuyu, nikajaribu kofia ya sufu. Ikanishukia mpaka puani. Muuzaji akacheka, nami nikacheka kumshinda, maana, rafiki yangu, kofia kama hiyo ndiyo iliyoniharibia mwaka wa darasa la sita.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika, sukari imerudi madukani, na kila mtoto wa kijijini kwetu Ikuti ana sweta lenye maandishi asiyoyaelewa. Bibi, aliyenilea, alininunulia kofia kwa sababu ya baridi na mvua zetu zisizoisha. Ilikuwa kubwa mno. Darasani wakaamua kofia haina kosa, kichwa changu ndicho kidogo, na kichwa kidogo hakina akili. Mimi nikawaamini! Niliumia sana, nikaapa kwamba mtihani wa darasa la saba siufanyi, nitabaki kuchuma chai.

Mwalimu wa sayansi alikuwa na rafu ya mafuvu: la ng'ombe kutoka buchani, la ngedere aliyeuawa kwenye mahindi ya bibi, la fuko aliyenaswa kwenye viazi. Siku moja akasema tutapima ubongo, ila anahitaji nafaka ndogo ya kujazia mafuvu hayo. Nikanyoosha mkono kabla ya wote. Bibi alikuwa na ulezi wa mbegu darini, juu ya moshi wa jiko. Asubuhi nikabeba kibuyu kizima bila kuaga.

Tuliziba matundu kwa pamba, tukamimina. Fuvu la ng'ombe likameza vikombe viwili. La ngedere lilipita robo kikombe kidogo tu. La fuko, hata kijiko hakikuisha.

"Basi ng'ombe ndiye awafundishe," mwalimu akasema, tukacheka. Akatueleza kwamba wanyama wa kwanza kunyonyesha walikuwa wadogo kama kirukanjia, yule kama panya mwenye pua ndefu, wakitafuta wadudu kwa kunusa, na ubongo wao ulianza kukua kwa ajili ya kunusa. Mijusi wakubwa wa kale walipokwisha, wanyama hao wakakua miili. Mwili ulitangulia, ubongo ukaja kuufuata baadaye sana. "Kwa hiyo ukipima ubongo, pima na mwili unaoubeba."

Nikajitazama. Nilikuwa mwembamba kama fito.

Hapo bibi akatokea mlangoni, kitenge kimelowa mvua. "Mwe! Mwalimu, ulesi wangu unafanya nini kwenye kichwa cha ng'ombe?" Ulimini mwa bibi kila 'z' ilitoka 's'.

Mwalimu akaomba radhi, akamweleza yote, hadi habari ya kichwa changu, ambayo kumbe aliijua. Bibi akanyanyua fuvu la ngedere. "Huyu kaniibia mahindi miaka mitatu. Ng'ombe hajaniibia hata bua." Kisha akanivua kofia, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili inayonuka moshi, mbele ya darasa zima. "Na hiki ndicho kimewasa kuniibia ulesi nikiwa macho. Kinatosha."

Mtihani niliufanya, nikafaulu.

Bibi hayupo tena. Mwalimu alihama, na rafu ile imebeba makopo ya rangi. Muuzaji wa sokoni alinitafutia kofia ndogo, nikaikataa, nikachukua ile kubwa.

"Mama, haikutoshi hiyo," akaniambia.

Nikaishika kwa mikono miwili, nikaivuta mpaka masikioni. "Kinatosha," nikamjibu, akabaki ananishangaa.