Skrini tatu za Aline na vifuniko vya plastiki

Jamani, bila mimi leo Gitega isingecheza gemu!

Mpwa wangu Aline anafungua chumba cha gemu. Wateja wako mlangoni, na fundi wa skrini tatu kwenye kompyuta moja ni mimi, nimetoka Muyinga.

Nikachomeka nyaya. Giza tupu!

"Kadi ya picha ya kompyuta yako ni mbovu," nikasema.

Aline akachungulia nyuma. "Mjomba, nyaya zote umechomeka kwenye matundu ya kompyuta yenyewe, kwenye kadi hata mmoja!"

"Matundu yake yana vifuniko vya plastiki. Kitu kipya unakivuaje nailoni?"

Akavitoa, akahamisha nyaya. Skrini zote tatu, paa, zikawaka! Wateja wakapiga makofi, nikapokea mimi.

Msinicheke. Viti vyangu nyumbani Buhinyuza, kulekule Muyinga, vina nailoni ya dukani tangu tuliporudi kutoka Tanzania. Mgeni akikaa, vinalia.