Pikipiki Iliyorudisha Teke

Tarehe kumi na nne, mwezi wa tano, 2003. Mvua ilinyesha hadi alfajiri, kisha jua likatoka kali, na moshi wa nyumba zilizochomwa upande wa soko ukabaki chini kama ukungu.

Naandika mambo ya siku ile jinsi ninavyoyakumbuka. Shule niliishia mwaka wa sita wa primaire, pengine nitaweka mbele kitu cha nyuma. Yaya yangu, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenifundisha ufundi wa pikipiki. Tulifanya kazi chini ya mabati mbele ya nyumba yetu ya Bunia, na mabibi zetu, wake zetu, walipika kwenye moto mmoja.

Wapiganaji walikuja na pikipiki ya afande wao. Siandiki walikuwa wa upande gani. Wiki iliyotangulia wale wa upande mwingine walimkata jirani yetu kwa panga mlangoni pake, na nikitaja wamoja itanibidi nitaje wote. Fundi fulani huko kwenye machimbo ya dhahabu alikuwa amekwangua kichwa cha motere, yaani injini, ili pistoni ibane hewa zaidi. Ikikimbia, ilipaa. Lakini kuiwasha kwa kiki ilikuwa kama kukanyaga jiwe. Walitaka tubadilishe sheni tu, ule mnyororo. Yaya akabadilisha, akasema, "Muiwashe pole pole, iko inarudisha teke."

Mpiganaji mmoja mwenye kandambili akacheka. "Muzee, siye tunapiga watu, pikipiki ndiyo itanipiga?"

Akakanyaga kwa uzito wake wote. Hewa iliyobanwa ikaisukuma pistoni nyuma, kiki ikaruka juu, na tukasikia mfupa. Ulitokea kwenye ngozi, mweupe. Alilia akimwita mama yake, na nilimwonea huruma, lazima niseme hivyo.

Wenzake hawakuuliza neno. Walimpiga yaya kwa vitako vya bunduki hadi akalala kwenye mafuta machafu.

"Wale wamekulipa!"

"Umetega pikipiki, mbwa weye!"

Wakamburuta hadi parseli, kiwanja cha ng'ambo ya barabara, walikofungia watu. Afande mwenyewe, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo aliyekuwa amekuja nao, akabaki na mimi.

"Fundi, juu ya nini iko inavunja watu wangu?"

"Afande, nguvu imezidi. Nitapunguza nguvu ya motere, na..."

Sikumaliza. Alinipiga mdomoni kwa bastola, jino likatoka. Sisi mafundi tunasema hivyo kila siku, kupunguza nguvu. Hatusemi pikipiki iwe dhaifu barabarani; tunasema ule ugumu wa kuwasha tu. Lakini mtu wa vita akisikia neno hilo anasikia mtu anayetaka yeye akamatwe akikimbia. Kwa hiyo sisemi alinipiga bure kabisa. Labda neno lilikuwa baya kwa siku ile.

"Unataka wale watufikie? Sema tena!"

Nikameza damu. "Hapana, afande. Haiko nguvu, iko hasira. Inaamuka na hasira. Nitatoa hasira ya kuamuka, nguvu ya mbio itabakia."

Akanitazama. "Kumbe iko kama bibi yangu," akasema, na watu wake wakacheka. Yeye hakucheka. "Nitaikanyaga mimi mwenyewe. Ikiwaka, yaya yako atatoka. Ikinivunja, mutalala shimo moja."

Chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Njia iliyobaki ilikuwa arbre, kile kijiti cha chuma chenye nundu kinachofungua supape, milango ya hewa ya motere. Nundu ikiwa pana, supape ya kuingiza hewa inachelewa kufunga. Pistoni inapopanda, hewa nyingine inatoroka kwanza, na mguu unapata wepesi. Motere ikishika mbio, hewa haipati nafasi ya kutoroka, na nguvu inarudi. Ndivyo yaya alivyonifundisha, na kama nimeeleza vibaya kosa ni langu, si lake.

Kwenye kopo la vyuma vya zamani zilikuwepo arbre mbili za kuingia motere ile: moja ya nundu pana sana, nyingine pana kiasi. Ng'ambo nilisikia vipigo, na sauti ya yaya ndani yake. Nikachukua ile pana sana, maana ndiyo ingekuwa nyepesi kuliko zote. Lakini juu ya kichwa kile kilichokwanguliwa, supape ilikuwa karibu mno na pistoni; ikibaki wazi kwa muda mrefu ingeweza kugongwa. Kwa kupima nafasi hiyo yaya alikuwa na dawa. Nikamwomba bibi yangu bugali, ugali wa jana, nikafungua kichwa, nikaibandika juu ya pistoni, nikarudisha kichwa na arbre ile, nikazungusha motere kwa mkono.

"Angalieni, analisha pikipiki!"

"Ngoja, sasa hivi itaomba mboga ya sombe!"

Ndipo bunduki ikalia ng'ambo, mara moja. Vipigo vikakoma. Sauti ya yaya sikuisikia tena.

Nikafungua kichwa. Supape ilikuwa imezama kwenye bugali na kubakiza utando kama ngozi ya kitunguu. Kwa mkono ilipita. Kwa mbio isingepita. Nikajaribu arbre ya pili, ikabakiza bugali nene kama sarafu.

Nikakaa nazo, moja kila mkono. Ile pana sana ingewaka vizuri chini ya mguu wa afande. Ingemfikisha labda njia ya Bule, kisha ivunjike katikati ya mbio, na wale wanaomwinda wamkute amesimama. Hakuna aliyekuwa pale ambaye angejua. Kama yaya amekufa, mtu huyu alinidai nini tena? Lakini risasi ile sikujua ni ya nani. Sisemi nilikuwa mwema. Sikujua tu. Nikafuta bugali kwenye pistoni, nikafunga ile pana kiasi.

Nikaweka kidole kwenye tundu la buji, ile plagi ya cheche, na kuzungusha. Hewa ilichelewa kunisukuma. Nikarudisha buji, nikamwita afande.

Alivua koti. Akakanyaga. Kiki ikashuka laini, haikurudi, wala motere haikuwaka. Watu wake wakainua bunduki. Akakanyaga tena, ikawaka, ikakohoa kama mgonjwa, na nilidhani nimekufa. Akazungusha mkono wa moto hadi mwisho, ikanguruma.

"Hasira imetoka," akasema. "Muleteni muzee wake."

Alitimiza neno lake, na hilo pia naliandika. Yaya alitoka akitembea, vidole vya mkono wa kuume vimepondwa. Nyuma yake walimburuta mtu wa ile risasi hadi mfereji wa barabara. Alikuwa muuza chumvi wa mtaa wetu, wa kila upande alimpimia sawa. Yaya aliutazama mwili, kisha motere iliyokuwa bado inanguruma, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umeweka gani?"

"Pana kiasi."

Akatikisa kichwa kukubali.

Jioni tulikula bugali na sombe, bila chumvi. Bibi yake yaya alimlisha kwa mkono wake.