Kumtafuta Njiwa Kusini mwa Maryland

Kila Jumapili Baba hunipigia simu kutoka Kitui, na swali ni lile lile: "Umemwona Njiwa?" Njiwa ni kundi dogo la nyota za anga la kusini. Baba, mwalimu mstaafu wa jiografia, alinionyesha nikiwa mtoto. Sasa macho yake yanafifia, haoni nyota tena, na anataka nimwangalilie. Mara mbili nilimdanganya kwamba nimemwona, yuko juu kabisa, na uongo huo ukanisumbua. Februari hii niliomba ruhusa kazini, ninakohudumia wazee, nikaondoka.

Saa kumi na moja jioni tulitoka Lanham, mji wa Maryland, Marekani, ninakoishi. Dereva alikuwa Jerome, Mmarekani Mweusi mstaafu wa posta na mpenzi wa nyota, aliyejifunza Kiswahili chuoni na bado hukisema kama yuko mbele ya mtahini.

"Huyo Njiwa nime-search mpaka shingo ikauma," nilimwambia.

"Ulitazama wapi, dada Mwende?"

"Si juu? Kwani hukaa wapi?"

Alicheka hadi nikanuna. "Huko ni Kitui, dada. Hapa kaskazini yuko chini sana. Mti mmoja tu unatosha kumficha."

Saa mbili kasoro tulikuwa ufuoni, pale Mto Potomac unapoingia Ghuba ya Chesapeake, kusini maji matupu. Baridi ilipenya jozi zangu mbili za soksi. Tulizima taa, tukasubiri macho yazoee giza. Kisha akanielekeza: tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari, shuka, lipite kundi la Sungura, zidi kushuka. Nyosha mkono ukunje ngumi. Njiwa hafiki ngumi mbili juu ya maji.

Nikaona nyota mbili jirani, na nyingine hafifu kando. Ndiye! Nililia, sifichi.

Njiani kurudi nilimpigia Baba. Kwao ilikuwa alfajiri, ameshaamka kusali.

"Baba, zile mara mbili nilikudanganya. Leo ndio nimemwona."

"Nilijua. Ulisema yuko juu. Haya, yuko wapi?"

"Chini, Baba. Karibu na maji."

"Sasa umemwona kweli. Lakini uko mbali, mwanangu. Uko mbali sana."

Nimejifunza kwamba Njiwa hataki darubini kubwa, anataka tu kusini peupe. Nimejifunza pia kwamba Baba alijua muda wote, na bado aliendelea kuuliza. Nimeomba likizo ya Machi niende Kitui, kabla macho yake hayajazima. Baba hatamwona Njiwa tena. Nataka anione mimi.