Kiganja Chini ya Mkanda

Kila asubuhi, kabla hajapakia chochote, mwenye mkokoteni wa punda huingiza kiganja chini ya mkanda wa kifuani mwa mnyama wake na kukipitisha polepole, kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Kisha hukitoa na kukitazama. Filomena, anayekaanga vitumbua ng'ambo ya barabara, amekizoea kitendo hicho kama adhana. Kiganja kikitoka kikavu, yule bwana humwambia punda, "Haya baba, twende," kwa sauti asiyompa mtu mwingine yeyote Kilosa nzima, na magunia ya mpunga wa Chanzuru hupanda. Watu wakimsalimu, huwajibu kwa kuguna tu.

Jumamosi mkokoteni ulipambwa maua na maputo. Bibi harusi hakungoja ukaguzi, alikwisha kaa juu, mashangazi wakipiga vigelegele, kiganja kilipotoka na damu. Yule bwana alikipangusa kwenye suruali, akamfungua punda, akamsogezea ndoo ya maji. Kisha akaingia mwenyewe katikati ya mipini, akaanza kuvuta.

Vigelegele vilikatika. "Aibu gani hii jamani!" akamaka shangazi mkubwa. "Mtu mzima akuvute kama mnyama? Shuka, mwanangu!" Bibi harusi akashuka, viatu mkononi.

"Shikamoo mama," alisema yule bwana, mipini bado mikononi. "Jana mkienda kwenye sendofu ya kumuaga binti mlipanda saba, punda huyu akawavuta. Aibu mliiacha wapi?"

"Marahaba," aliitikia shangazi. Filomena alisubiri ajibu na lile swali, mpaka vitumbua vikaungua.