Siku Niliponyooshea Joho Mikono

Aibu yangu mimi siwezi kuificha, kwa sababu iliimbiwa na kwaya nzima, kwa sauti nne, mbele ya ukumbi uliojaa madaktari wa mifugo, na kuna mtu aliirekodi kwa simu, kwa hivyo ni heri niwaambie mwenyewe kabla hamjaonyeshwa.

Mnajua mimi ni daktari wa mifugo hapa Katangi, miaka ishirini na sita sasa, na ukiniuliza nimefanya nini miaka hiyo yote nitakuambia nimekuwa na mkono ndani ya ng'ombe za watu (msicheke, ndiyo kazi yenyewe). Chama chetu kiko na kitu kinaitwa Feloshipu, heshima ambayo hupewa watu wachache sana waliofanya kazi ya kipekee, na ukiipata unavikwa joho jekundu mbele ya wenzako na jina lako linaongezewa herufi fulani mpaka siku utakayozikwa. Hilo joho nililitamani, sitaki kuwadanganya. Aliyeanza ni marehemu mke wangu, Mwikali. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa tulikuwa tumekaa viti vya nyuma kabisa kwa sherehe kama hiyo, tukaona mzee mmoja anavikwa, Mwikali akaniegemea begani akaniambia, "Hiyo rangi itakukaa." Maneno matatu, basi. Hakuyarudia tena, wala mimi sikumkumbusha, lakini alipougua na kuniacha ndipo nikagundua nimeyabeba kila mahali, hata nikiwa zizini nanuka samadi.

Basi mwaka jana nikajaza fomu yangu mwenyewe. Chama kinaruhusu mtu kujipendekeza, ingawa unajisikia kama mtu anayejipigia makofi peke yake chumbani. Wiki hiyo hiyo nikajaza fomu nyingine ya msichana mmoja anaitwa Ndunge, ambaye kitambo aliletwa kwangu na chuo ajifunze kazi, na sasa ni daktari mtafiti, mtu mkubwa. Fomu ya Ndunge niliiandika kwa jioni moja, maneno yanakuja tu yenyewe. Yangu ilinichukua mwezi mzima, na nikiisoma ilikuwa kama barua ya kuomba kazi ya kulinda lango. Nikazituma zote mbili. Miezi ikaenda, kimya. Ya Ndunge nikaisahau kabisa. Yangu sikuisahau hata siku moja.

Siku imeli ilipoingia nilikuwa kwa boma la mzee mmoja upande wa Yatta, napima ng'ombe mimba, glavu imefika begani, simu ikalia mfukoni. Nikaitoa kwa mkono ule msafi, jua limewaka kwa kioo hata huoni, nikaikinga na kofia, nikasoma: "Mpendwa Daktari Kimeu, tunafurahi kukujulisha kwamba Baraza limekubali pendekezo ulilowasilisha kwa ajili ya Feloshipu. Tafadhali soma kiambatisho."

Nikabonyeza hicho kiambatisho. Kikazunguka. Kikazunguka tena, na mtandao wa huko mnaujua. Nikasema aah, hayo yatakuwa ni maelekezo ya mahali pa kuegesha gari, nitasoma baadaye.

Hapo ndipo nilipopotelea. Na sikukisoma baadaye, si jioni, si kesho yake, si wiki tatu zilizofuata. Nikijiuliza sasa, nadhani niliogopa. Ukingoja kitu miaka mingi halafu kikaja kukaa mapajani mwako, hutaki kukipinduapindua sana kisije kikaruka.

"Mzee, nimepata!" nikamwambia mwenye boma, na machozi yananitoka.

"Ako nayo?" akaniuliza.

"Nani?"

"Si ng'ombe!"

(Alikuwa nayo, ya miezi minne. Hiyo angalau sikukosea.)

Kabla hata sijatoa glavu nikampigia mama yangu simu. Mama anaishi Kivaa, amezeeka lakini masikio yako sawa. Nikamwambia, "Mwaitu, wamenipatia Feloshipu!"

Akaniuliza, "Feloshipu? Si hata sisi tuko nayo hapa kanisani kila Jumanne, mwana wakwa?"

Nikamweleza ni ya madaktari, kuna joho, kuna picha, kuna wakubwa kutoka Nairobi. Akaanza kulia na kuomba hapo hapo kwa simu, nami nimesimama zizini nimeinamisha kichwa mpaka aseme amina. Nilipofika sokoni Katangi, habari ilikuwa imenitangulia. Mama Syombua, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, akanikamata mkono akasema, "Daktari, hatuwezi kukuacha uende kwa sherehe Machakos peke yako kama yatima. Tutakuja na kwaya." Ningeweza kusema hapana. Lakini akilini nilikuwa nimeona picha ya viti vya nyuma, mahali Mwikali angekaa, hakuna mtu, na nikaona heri vijae watu wanaoimba. Nikakodi basi la shule.

Siku yenyewe nilivaa suti ambayo mara ya mwisho niliivaa kwa mazishi ya Mwikali, na mfukoni nikaweka hotuba ya ukurasa mmoja na nusu, nusu yote ikiwa ni juu yake. Tulifika hotelini Machakos mjini asubuhi mapema, kina mama wamevaa vitenge vya rangi moja, mama yangu ameketishwa mbele kabisa na hakuna mhudumu aliyethubutu kumhamisha. Programu nilipewa mlangoni, nikampatia mama ajipepee. (Ndiyo, najua. Ilikuwa imeandikwa mle ndani, herufi kubwa, na mama anajipepea nayo.)

Hapo mlangoni ndipo nikakutana na Ndunge, amependeza, amesuka. Nikamkumbatia nikamwambia, "Umekuja kunisindikiza! Mungu akubariki."

Akacheka, macho yana maji. "Mwalimu, jamani, ni mimi hata sijui nitakushukuru vipi."

Nikasema moyoni, huyu msichana ako na adabu.

Hotuba za wakubwa zikaisha. Mshereheshaji akashika maikrofoni akasema, "Na sasa, kwa Feloshipu ya mwaka huu, namwomba Daktari Kimeu kutoka Katangi asonge mbele ili..." Hiyo "ili" ndiyo sikuisikia mwisho wake, kwa maana Mama Syombua alikuwa ameshaanzisha wimbo, kwaya ikainuka, vigelegele, viti vinasukumwa, mama yangu anashikwa mikono na wawili anakuja mbele pole pole huku akicheza, akanifunga leso mabegani vile anafungwa mtu wa maana kwetu, na mimi nikapanda jukwaani na leso yangu nikipungia watu mkono kama mtu aliyeshinda kura. Nikaona madaktari wenzangu wanaangaliana. Nikadhani ni wivu.

Mwenyekiti wa chama, mama mmoja mpole wa miwani, alikuwa amesimama na joho jekundu mikononi. Nikamgeuzia mgongo, nikanyoosha mikono nyuma ili anivike, nikafunga macho.

Nikangoja. Nawaambia nilingoja. Nikiwa nimefunga macho hivyo nilisikia kabisa begani uzito wa mtu ameniegemea, uzito ule ninaoujua, na nikajiambia usifungue, usifungue kwanza, na ningeweza kukaa hapo na mikono nyuma mpaka jioni kama isingekuwa sauti ndogo iliyonijia nyuma ya sikio.

"Daktari," mwenyekiti akaninong'oneza, "geuka tu. Ni wewe wa kumvika."

"Kumvika nani?"

"Daktari Ndunge. Wewe ndiye uliyempendekeza. Hukusoma kiambatisho?"

Nikageuka. Joho likawekwa mikononi mwangu, zito, laini, limekunjwa vizuri. Kwaya bado inaimba (wao wangejuaje?), wanasema Kimeu ameinuliwa, Kimeu ameinuliwa. Kule safu ya mbele Ndunge amesimama, mkono uko mdomoni, na nikaona ameelewa, kwa sababu alikuwa anaiangalia ile leso, sio joho. Hapo ningetaka sakafu ya hoteli ifunguke niingie na suti yangu.

Na haikuishia hapo. Mshereheshaji akanyamazisha kwaya kwa upole, akanipatia karatasi, akasema kwa kawaida anayependekeza husoma maneno aliyoandika juu ya mwenzake. Maneno yangu mwenyewe! Nikaanza kusoma. Niliandika vile Ndunge alikuja kwetu wakati wa kiangazi, mbuzi wanakufa kwa homa ya mapafu kila boma, na vile muda wake ulipoisha alikataa kurudi chuoni, akawa anatembea na daftari kutoka boma hadi boma akiuliza swali moja tu: hawa waliokufa walikuwa wamechanjwa? Na jibu lilikuwa ndiyo. Wamechanjwa, na wamekufa.

Nikafika sentensi inayofuata nikasimama. Niliikumbuka. Niliiandika ile jioni moja nikijua itasomwa na wazee wa kamati ndani ya ofisi huko mbali, sio mbele ya kina mama wa Katangi wenye hao mbuzi. Nikaangalia mama yangu. Nikaangalia Mama Syombua. Ningeweza kuiruka, hakuna angejua. Hakuna isipokuwa Ndunge, na yeye asingesema kitu milele, na hiyo ndiyo ilinishinda.

Nikasoma. "Daktari Ndunge ndiye aliyegundua kwamba chanjo zilikuwa zinaharibika kwa joto njiani, ndani ya kasha lililobebwa na mimi, na kwamba kwa miaka kadhaa mimi, bosi wake, nilikuwa nikidunga mbuzi za watu maji. Alinijia akaniambia kwa heshima, tukiwa wawili tu. Nilimnunia wiki mbili. Kisha tukatengeneza kasha jipya pamoja, na utafiti wake umetoka hapo."

Mama Syombua, ambaye hajawahi kujua kunong'ona tangu azaliwe, akasimama akauliza, "Daktari, na wale wangu saba?"

"Na wale wako saba, mama," nikamjibu kwa maikrofoni. "Nisamehe."

Alikaa chini polepole, akashika mkoba wake.

Nikateremka nikamvika Ndunge joho. Lilikuwa refu kidogo, nikamnyooshea kola, akanishika mikono kwa nguvu akaniambia, "Mwalimu, nilidhani unajua. Nilidhani ulifurahi kwa ajili yangu." Nikamwambia nimefurahi, na haikuwa uongo, ila furaha yenyewe ilikuwa imekaa chini ya vitu vingine vingi na ilibidi niitafute. Watu wakapiga makofi, kwaya pia, kidogo kidogo. Nikarudi kwa kiti changu. Hotuba yangu ikabaki mfukoni na Mwikali ndani yake.

Kwa basi hakuna mtu aliyeimba. Tulipita mashamba, mahindi yamekauka, na mimi nimekaa na mama kiti cha mbele, leso bado iko mabegani kwa sababu sikujua niitoe vipi bila kumuumiza. Baada ya mwendo mrefu akaniuliza, "Huyo msichana ulimfundisha wewe?"

"Ni mimi, mwaitu."

"Ni muvea," akanishukuru kwa Kikamba. "Umefanya kazi nzuri." Akaangalia dirishani. Mimi nikangoja aongeze yale maneno ambayo mama huongeza, kwamba basi joho lake ni langu, kwamba Mungu anaona. Akasema tu, "Lakini hata mimi nilitaka liwe lako." Akanishika goti, akaliachilia tulipofika Katangi.

Mama Syombua alikaa siku kumi bila kunisalimia. Siku ya kumi na moja akaniita nikamchanjie mbuzi, akataka kwanza kufungua kasha na kutia mkono mwenyewe asikie baridi. Nikamwachia. Sasa watu wote hufanya hivyo, kila boma, kabla sijadunga lazima kasha lifunguliwe na mkono utiwe, na mimi nimesimama kando kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Wiki iliyopita Ndunge alinipigia. Anataka kuandika fomu yangu yeye mwenyewe, anasema nimpe ruhusa tu, atamaliza kwa jioni moja. Nikamwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba nataka, bado nataka, aibu haikuondoa kitu hata kidogo, na akiandika nitaanza tena kuangalia simu nikiwa zizini, na umri wangu huu sijui kama moyo utaweza kungoja mara ya pili. Lakini nadhani nitakubali. Kwa hivyo naapa mbele yenu nyote: imeli yoyote itakayokuja, nitapanda mpaka kwa kile kilima chenye mtandao, nifungue kila kiambatisho, nisome hadi nukta ya mwisho. Na nyinyi, mkisikia lolote kabla yangu, nawaomba kitu kimoja tu. Msimwambie mama.